Kaa Lililokolea: Uchaguzi wa Kichomeo cha Makaa ya Chetezo Katika Nyumba za Kulamawe

Utangulizi

Kulamawe ni kituo kidogo kilichoko kwenye barabara itokayo Isiolo kuelekea Garba Tulla na Modogashe, kaskazini ya safu za Nyambene na Mbuga ya Taifa ya Meru. Jina lake ni la Kiswahili kitupu, kitenzi na nomino vilivyounganishwa, ilhali wengi wa wenyeji wake ni Waborana ambao lugha yao ya nyumbani si Kiswahili. Mwanaisimu apitaye njia hiyo hushawishika kuuliza ni nani aliyekula mawe, na lini. Makala haya hayatalijibu swali hilo. Yanakusudia kushughulikia jambo la mekoni ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo mno kuandikiwa katika jarida la chama cha Kiswahili: mtu aliye nyumbani, mwenye makaa ya asili matatu au manne tu ya kuwasha ili ayatie katika chetezo, atumie kichomeo kipi?

Yeyote aliyewahi kutafuta maelezo ya jambo hili atakuwa amegundua kwamba mengi yameandikwa kwa ajili ya wavutaji wa shisha, na wengi wao wako mbali na nyanda zetu. Nchini Kenya habari hiyo ina mipaka yake. Mwezi Desemba 2017, Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt. Cleopa Mailu, alitoa kanuni chini ya Sheria ya Afya ya Umma zilizopiga marufuku uingizaji, utengenezaji, uuzaji na uvutaji wa shisha, na tangu hapo suala hilo limefikishwa mahakamani zaidi ya mara moja. Tanzania ilikuwa imetangulia kuipiga marufuku mwaka 2016, na Uganda kupitia sheria yake ya udhibiti wa tumbaku ya 2015. Kwa hiyo makala haya hayamfundishi mtu kuvuta. Hata hivyo, kaa linalowekwa juu ya shisha na kaa linalowekwa ndani ya chetezo ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili hutakiwa yawake kikamilifu, yasitoe moshi wake yenyewe, yadumu, na yabebeke kutoka pale yalipowashiwa hadi pale yanapotumika. Tatizo ni lile lile, na Kulamawe linatatuliwa kila siku na watu ambao hawajawahi kuiona shisha.

Kiko na viungo vyake

Kabla hatujaingia mekoni, tusimame kidogo kwenye msamiati, kwa maana hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita. Tunazungumza juu ya shisha kana kwamba ni mgeni aliyeingia na mikahawa ya miji mikuu. Neno ndilo geni. Chombo chenyewe lugha yetu ilikijua zamani, tena kiungo kwa kiungo. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake kuhusu lugha ya Kiswahili kama ilivyosemwa Unguja, kilichochapishwa mwaka 1870, aliorodhesha maneno haya: kiko, yaani chombo cha maji kilicho chini, bori, kibakuli cha udongo kinachopokea tumbaku na moto, digali, mwanzi unaoshuka kutoka kwenye bori hadi majini, shilamu, mwanzi unaokwenda kinywani, na malio ya kiko, yaani ule mgugumio wa maji mtu avutapo. Leo kijana wa Nairobi huyataja yote hayo kwa maneno ya Kiingereza, na wengi wetu tukiulizwa maana ya digali tutakimbilia kamusi.

Namtaja Steere kwa sababu ya pili. Katika orodha hiyo hakuna jina la chombo cha kuwashia kaa, wala halikuhitajika. Kaa lilitoka mekoni. Meko yalikuwa yakiwaka kwa ajili ya chungu, na mvutaji, au mwenye chetezo, alikwenda pale akapalia. Kitenzi hiki kupalia kina maana mbili za kutazamwa pamoja: kutwaa makaa ya moto kutoka mekoni ili kuyapeleka kwingine, na kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko cha chungu cha wali ili wali uive kwa moto wa juu. Aliyepanga kaa juu ya bori alikuwa akipalia kwa maana zote mbili kwa mpigo. Wasomali, majirani wa Waborana wa Isiolo, chetezo hukiita dabqaad, neno lililoundwa kwa dab, moto, na qaad, kuchukua: kichukua-moto. Lugha mbili zisizo na nasaba ya karibu zimeuona mwendo ule ule wa mkono. Haja ya kichomeo cha pekee ilizuka pale meko yalipoacha kuwaka mchana kutwa, au pale mpishi alipohamia kwenye gesi na akabaki bila kaa la kupalia.

Kuhusu neno kichomeo lenyewe, nimelichagua kwa makusudi. Jiko lina maana nyingi mno: chombo, chumba, na hata mke kwa anayepata jiko. Kiwashio ni kile kitoacho cheche ya kwanza, kama kiberiti. Kichomeo, kutokana na choma na chomea, ni chombo ambamo kitu huwekwa kikachomwa mpaka kikamilike. Msomaji asilichanganye na kichomi, ambacho ni maradhi ya mbavu.

Kaa na vitenzi vyake

Makaa ya asili tunayoyazungumzia hapa ni ya aina mbili. Ya kwanza ni makaa ya miti, ambayo katika nyanda za Isiolo aghalabu ni ya jamii ya migunga. Haya huja na maumbo yasiyolingana, mengine yakiwa bado na gome. Ya pili ni makaa ya vifuu vya nazi, ambayo ni mgeni kutoka pwani au ng'ambo. Vifuu huunguzwa bila hewa ya kutosha, husagwa, huchanganywa na wanga kidogo, hushindiliwa katika umbo la mchemraba na kukaushwa. Yako pia makaa ya viringo yanayouzwa katika karatasi za kung'aa, yaliyotiwa shura au kemikali nyingine ya kuharakisha moto. Hayo huwaka kwa kiberiti kimoja na kutoa cheche zinazotambaa. Sioni sababu ya mwenye chetezo kuyanunua. Harufu ya ile kemikali hutangulia ubani, na ubani uliotanguliwa umeharibika.

Sasa tazama vitenzi. Mtu hukoka moto, akauvuvia kwa pumzi au kuupepea kwa kipepeo. Kaa hushika: ukingo mmoja huwa mwekundu ilhali sehemu nyingine ni nyeusi. Baadaye hukolea: wekundu huingia mpaka kitovuni na juu hufunikwa na utando mwembamba wa jivu jeupe. Mwishowe hufifia na kuzimika. Katika mazungumzo ya haraka tunasema tu kwamba kaa "limewaka", na kwa kusema hivyo tunalipoteza jambo lenyewe, kwani tofauti kati ya kushika na kukolea ndiyo tofauti kati ya chetezo kizuri na kibaya. Kaa lililoshika tu bado lina mabaki ya utomvu na mvuke wa mti ambao haukumalizika tanuruni. Mvuke huo hutoka kama moshi mwepesi wenye ukali, huchoma macho, na huingia katika ubani. Kaa lililokolea limekwisha kuutoa.

Utando wa jivu nao una kazi. Ubani ni utomvu. Ukitupwa juu ya kaa jekundu lililo wazi huungua, na kilichoungua kinanuka kama kilichoungua. Ukiwekwa juu ya kaa lililovikwa jivu huyeyuka polepole na kutoa mvuke wake. Wale wafukizao kwa ubani wa kaskazini mwa Kenya, ule wa mti ambao wataalamu wa mimea huuita Boswellia neglecta na Waborana huuita dakara, hulijua hili bila kuelezwa. Aliyezoea udi wa dukani hulijua zaidi, kwa kuwa udi ni ghali na kila kipande kinachoungua bure kinahesabika.

Kwa hiyo swali la kichomeo ni swali la kukolea. Chombo bora ni kile kinacholifikisha kaa kwenye kukolea pande zote, kwa muda mfupi, bila kulitia harufu nyingine, na mahali ambapo ule moshi wa kushika hauna mtu wa kumdhuru. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahauliwa na wengi waandikao juu ya jambo hili. Nitalirejea.

Ni vyema pia kutaja jambo linalokwenda kinyume. Katika nyumba za Waborana vyombo vya maziwa, kama vile gorfa na ciicoo, husafishwa kwa kufukizwa. Kijiti cha mzeituni wa porini, ejersa, huchomwa ncha yake na kutiwa ndani ya chombo, chombo kikafunikwa na kutikiswa, kisha masizi na majivu yakapanguswa. Hapo moshi wa mti ndio unaotakiwa, kwa sababu huyapa maziwa ladha yake na kuyachelewesha kuharibika. Kinachotumika ni kijinga, wala si kaa, na hakihitaji kichomeo chochote. Mtu akimuona mama huyo huyo asubuhi akiutafuta moshi na jioni akiukimbia asidhani anajipinga. Anatofautisha kijinga na kaa, tofauti ambayo lugha imekwisha kuiwekea maneno mawili.

Vichomeo vyenyewe

Mafiga matatu na kuni ndiyo kichomeo cha kale na, kwa nyumba ambayo bado hupika kwa kuni, sioni cha kukishinda. Makaa yapo tayari chakula kinapoteremshwa. Kazi ni kuchagua. Chukua kwa koleo kaa lisilo na ulimi wa moto wala uzi wa moshi, na uache lile ambalo bado lina kiini cheusi, kwa maana hilo ni kijinga kilichovaa nguo ya kaa. Liweke kando juu ya jivu kwa dakika mbili tatu kabla ya kulitia katika chetezo. Upungufu wa njia hii ni mmoja tu: inafuata ratiba ya chungu. Mgeni akija saa tisa alasiri meko yakiwa yamepoa, itabidi moto ukokwe upya kwa ajili ya makaa matatu.

Jiko la makaa lenye kitako cha udongo, lile lenye umbo la kiuno chembamba lililosambaa Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutokana na wazo lililochukuliwa kwenye majiko ya Thailand, lilibuniwa kupunguza matumizi ya makaa katika upishi. Kwa upishi linastahili sifa zake. Kwa kuwasha makaa matatu pekee halifai sana. Udongo wake hunyonya joto kwanza kabla ya kulirudisha, na tundu zake zimepimwa kwa jiko lililojaa. Makaa matatu yakitupwa ndani yake hukaa mbalimbali kama watu waliogombana, na kaa lililo peke yake halikolei, kwa sababu kaa huhitaji joto la kaa jirani. Jiko la zamani la bati tupu, ambalo tumefundishwa kulidharau kwa kupoteza joto, huwasha makaa machache haraka zaidi. Anayetumia jiko la udongo na atie makaa yake ya chetezo juu ya yale ya kupikia dakika kumi kabla ya kuteremsha sufuria, kisha ayapalie.

Stovu ya mafuta ya taa naitaja ili niiondoe. Utambi hutoa masizi na harufu, na kaa, ambalo asili yake ni kitu chenye matundu madogo yasiyohesabika, hunywa harufu kama sifongo inywavyo maji.

Gesi ndiyo inayovutia wengi leo, hasa ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo kinachofungwa juu yake. Mwali wake ni safi na wenye nguvu, na mchemraba wa kifuu ukiwekwa juu ya wavu wa chuma cha pua hukolea kwa takriban dakika nane hadi kumi na mbili iwapo utageuzwa mara mbili. Lakini tuutazame muundo wake. Valvu na mtungi viko moja kwa moja chini ya moto. Kaa la mti lenye unyevu au gome hupasuka na kurusha vipande, na vipande hivyo huanguka chini, si juu. Majivu huingia katika tundu za kichomeo na kuziziba, na mwali uliozibwa hugeuka kutoka buluu kuwa wa manjano, hutoa masizi, na huwa na ila zile zile za stovu. Anayelazimika kuutumia mtungi huo na atumie wavu wenye matundu madogo na kingo zilizoinuka, asitumie makaa ya mti yaliyonyeshewa, na auache mtungi upoe kabla ya kuupangusa. Jiko la gesi la mezani ambalo mtungi wake umekaa mbali na kuunganishwa kwa mpira ni salama zaidi, ingawa suala la majivu linabaki.

Umeme ndio unaosifiwa mno na waandishi wa nchi za mbali, na kwa sababu nzuri. Koili huchoma bila mwali na bila harufu, na makaa huweza kulala juu yake moja kwa moja. Mwenye umeme wa nyaya afahamu mambo mawili. Kwanza ni aina ya koili. Yako majiko ya bei nafuu ambayo waya wake uko wazi, umelazwa katika mifereji ya udongo. Waya huo una umeme wakati wote unapowaka. Koleo la chuma likiugusa, mkono ulioshika koleo umeugusa. Hilo halifai kabisa kwa makaa. Linalofaa ni lile ambalo waya wake umefichwa ndani ya bomba la chuma lililozungushwa kama konokono. Bamba zito la chuma lisilo na nafasi nalo ni salama, ila huchelewa, kwa sababu hewa haipiti chini ya kaa. Yale majiko mapya yanayopasha sufuria kwa sumaku hayatapasha kaa hata likikaa juu yake siku nzima, kwani hupasha chuma tu. Jambo la pili ni hesabu. Koili ya wati 1,000 ikiwaka dakika 10 hutumia takriban sehemu moja ya sita ya uniti moja ya umeme. Si gharama kubwa kwa mwenye mita.

Kwa anayetegemea paneli ya jua, hesabu hiyo hiyo hugeuka kuwa kizuizi. Sehemu moja ya sita ya uniti ni kama wati-saa 167. Paneli ya wati 50 huhitaji zaidi ya saa tatu za jua kali kuzikusanya, kabla ya kutoa kinachopotea katika betri na katika kigeuzi, na kigeuzi kidogo cha nyumbani hakiwezi kubeba wati 1,000 hata kwa dakika moja. Nishati ya kuwashia makaa matatu ingetosha kuwasha taa ya wati 5 kwa zaidi ya saa 30. Hakuna mwenye nyumba mwenye busara atakayefanya badiliko hilo.

Kimebaki kichomeo ambacho hakiuzwi dukani, nacho ndicho ninachokipendekeza kwa Kulamawe na kwa vituo mfano wake: mkebe wa kopo la maziwa ya unga, ule mrefu, uliotolewa kitako na kutobolewa tundu kubwa kubwa kuzunguka sehemu ya chini. Wavu au nyaya mbili tatu zilizopishana hupitishwa juu ya mstari wa tundu. Vijiti vikavu au kipande cha karatasi huwekwa chini, makaa juu ya wavu, na mkebe husimamishwa juu ya mawe matatu madogo. Kinachotokea baada ya kuwasha ni kanuni ya bomba la moshi: hewa ya moto hupanda kwa kuwa ni nyepesi, na inapopanda huvuta hewa baridi kupitia tundu za chini, hewa hiyo huukuza moto, na moto uliokua huvuta zaidi. Hakuna haja ya kupepea. Makaa yamebanwa pamoja, kila moja likimpasha mwenziwe. Kuta za mkebe huukinga moto dhidi ya upepo na huzizuia cheche zisirukie nyasi kavu au mikeka ya nyumba. Makaa manne ya mgunga hukolea humo upesi kuliko katika jiko la udongo, kwa kuni zisizozidi kiganja.

Mkebe huo una masharti yake. Usiwe wa bati lililopakwa zinki, kama vipande vya mabati ya paa au ndoo, kwa maana zinki ikipashwa moto mkali hutoa mafusho yanayomletea mtu homa na kifua. Rangi na karatasi za nje ziunguzwe kwanza mkebe ukiwa mtupu, mbali na watu. Na makaa yachaguliwe. Kaa la mti lililoiva vizuri tanuruni likigongwa na jingine hulia kama kigae, na lisiloiva hutoa sauti butu ya ukuni. Lile lenye gome liachiwe chungu.

Gesi isiyo na jina

Sasa nilirejee sharti nililoliahirisha. Mtu aliyesoma hadi hapa anaweza kudhani kwamba kaa likishakolea, moshi ukaisha, hatari nayo imekwisha. Kwa hakika ni kinyume. Moshi unaochoma macho humfukuza mtu chumbani na hivyo humwokoa. Kaa lililokolea halimfukuzi mtu. Ndani ya rundo la makaa mekundu, gesi ya kaboni dayoksaidi hupita juu ya kaboni iliyo moto sana na kugeuka kuwa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haichomi pua. Ikivutwa hushikamana na chembe za damu zinazobeba oksijeni kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni yenyewe. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, husinzia. Aliyelala hahisi hata hayo. Karibu kila msimu wa baridi magazeti ya Kenya huripoti watu waliolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa na hawakuamka.

Hapa ndipo jambo hili linapomhusu mwanafunzi wa Kiswahili kwa karibu. Lugha iliyotupa kukoka, kushika, kukolea na kupalia, iliyotenganisha kijinga na kaa, haina neno la kawaida la nyumbani kwa gesi hiyo. Tuna ukaa, na tuna hewa ukaa, istilahi iliyokwisha kukubalika kwa kaboni dayoksaidi. Kwa ile nyingine tunaandika kaboni monoksidi, neno linaloweza kusomwa na daktari na mwalimu wa kemia. Magazeti husema watu wameuawa na "moshi wa jiko". Neno moshi linapotosha. Mama anayesikia kwamba moshi wa jiko unaua atangoja moshi uishe uani, kisha aliingize jiko ndani kwa moyo mweupe, akiwa ameufuata ushauri neno kwa neno. Sijui kosa lingine la istilahi linalogharimu hivi. Baadhi ya watu wameanza kusema "sumu ya makaa", na binafsi naiona bora kuliko moshi kwa sababu inaelekeza kidole kwenye kaa lenyewe, hata likiwa jekundu na safi. Wanachama wa chama chetu wenye jukumu la kutafsiri mabango ya afya na walifikirie.

Wako pia wanaodhani kuwa beseni la maji likiwekwa kando ya jiko huinywa sumu hiyo. Gesi hii haiyeyuki katika maji kwa kiasi cha kumsaidia mtu. Dhana hii ni ndugu ya ile ya mvutaji wa kiko aliyeamini kwamba malio ya maji humsafishia anachokivuta. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya ushauri juu ya kiko cha maji mwaka 2005, na uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya kaboni monoksidi anayovuta mtu huyo hutoka katika kaa lililopaliwa juu ya bori, wala si katika tumbaku. Maji huipoza tu.

Kwa chetezo hatari ni ndogo ilimradi makaa ni mawili au matatu, mlango au dirisha viko wazi, na chetezo hakikai chumbani usiku kucha. Desturi ya kukipitisha chetezo chumba kwa chumba, kisha kukirudisha uani, ni bora kuliko kukiweka pembeni ya kitanda. Mama aliyejifungua na mtoto mchanga wasiachwe nacho katika chumba kilichofungwa, hata kama ada inahimiza kuwafukiza, kwa maana mtoto huathirika kabla ya mtu mzima. Anayeshikwa na kichwa na kulegea karibu na makaa atolewe nje kwenye hewa mara moja na apelekwe hospitali, hata akisema amepata nafuu.

Ni kwa sababu hii nimeuweka mkebe mbele ya gesi na umeme. Mkebe haufanyi kazi vizuri ndani ya nyumba. Cheche zake na moshi wake wa mwanzo humlazimisha mtu kuuweka uani, na hivyo kaa hukolea mahali panapofaa. Koili na gesi, kwa usafi wao, humkaribisha mtu kuwashia makaa chumbani.

Kuyazima

Makaa yanayobaki yasimwagiwe maji ndani ya chetezo, kwa kuwa udongo wa moto hupasuka na mvuke huunguza mkono. Yasitupwe uani pia, kwani kaa lililovikwa jivu huonekana limekufa ilhali ndani ni jekundu, na upepo wa alasiri ukivuma hulifufua juu ya nyasi. Yatiwe katika kopo la chuma lenye kifuniko, bila plastiki yoyote, na kopo liwekwe juu ya mchanga au jiwe. Hewa ikikosekana huzimika kwa muda mfupi, ila kopo lisifunguliwe hadi lipoe kabisa. Kesho yake makaa hayo hayo, yaliyokwisha kutoa moshi wake wote, huwekwa chini kabisa katika mkebe, mapya juu yake, na hushika kwa vijiti viwili.